Askofu wa Liège na Lumumba wa Shilatembo: jinsi ya kusoma tablo ya historia

Wadogo zetu wanaoandika TFC na memware za historia wanarudia swali moja: je, naweza kuweka tablo kati ya vyanzo vyangu? Hawasemi picha ya kamera. Wanasema tablo, ile iliyochorwa kwa mkono, sawa zile zilizotundikwa zamani katika salo za wazazi wetu ku Katuba, ku Kenya, ku Kamalondo. Wengine wameshajibiwa kwamba tablo si chanzo, ni mapambo ya nyumba, na tena imejaa makosa. Mimi naona inaweza kuwa chanzo kizuri sana, ila kuna namna ya kuisoma, na yale makosa njo mahali pa kuanzia. Ili nieleze vizuri nitapitia kwanza mbali, Ufaransa na Ubelgiji, halafu nirudi hapa nyumbani. Bandugu, munivumilie.

Katika makumbusho ya Louvre, mjini Paris, kuna tablo ya rangi ya mafuta ya Eugène Delacroix. Inaonyesha mauaji ya askofu wa Liège. Ndiyo, Liège ileile ambayo ni mji-dada wa Lubumbashi, na ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina kwa sababu ya ushirikiano wa chuo chake na UNILU. Delacroix aliichora mwaka 1829. Haina ukubwa wa kutisha: sentimita 91 kwa 116. Lakini ndani yake kuna umati mzima wa watu.

Ni usiku, ndani ya ukumbi mkubwa, na paa la mbao linapotea juu gizani. Batu wamebanana, wamelewa, wanapiga kelele. Meza ndefu yenye kitambaa cheupe inakata picha kwa mshazari, na unaona kama mwanga wote unatoka pale juu ya kitambaa. Kuna mzee mmoja, askofu, bado amevaa mavazi yake ya kanisa. Kuna Guillaume de La Marck, bwana wa vita aliyepewa jina la Nguruwe-mwitu wa Ardennes, ambaye ameteka ngome ya askofu na sasa anakula karamu ndani yake. Na karibu na mzee kuna mutu mwenye kisu. Kisu bado hakijaingia. Mchoraji amechagua pumzi moja kabla.

Inasimuliwa kwamba kile kitambaa cheupe kilimsumbua sana Delacroix, mpaka akasema kitakuwa kwake kama Austerlitz au kama Waterloo, yaani kama ushindi mkubwa wa Napoleon au kama kuanguka kwake. Ukitazama vizuri unaelewa kwa nini. Toa ule weupe, inabaki giza na vichwa. Ule weupe njo unafanya tumuone askofu, na tuone vile yuko peke yake.

Sasa, swali la mwanafunzi wa historia: mambo yalitokea vile?

Hapana. Askofu Louis de Bourbon aliuawa kweli na watu wa La Marck, lakini ilikuwa tarehe 30 Agosti 1482, nje ya mji wa Liège, katika mapigano. Hakukuwa na ukumbi, hakukuwa na meza, hakukuwa na karamu. La Marck naye alikatwa kichwa mjini Maastricht mwaka 1485. Delacroix hakutoa ile karamu katika kitabu cha historia. Aliitoa katika riwaya: Quentin Durward ya Walter Scott, Mskoti, iliyotoka mwaka 1823. Scott alitaka mauaji yale yaingie katika hadithi yake ya mwaka 1468, wakati mfalme wa Ufaransa Louis wa 11 na Duke Charles wa Burgundy walipokuwa wanaviziana, na Liège ikaishia kuteketezwa. Kwa hiyo akachukua kifo cha 1482 akakirudisha nyuma miaka 14, akakitoa barabarani akakiingiza ndani ya ngome aliyoibuni mwenyewe, na kisu akampa muuza nyama. Hakuficha: katika maelezo ya kitabu chake alikiri kwamba hapo ameivunja historia.

Halafu Delacroix naye akaongeza yake. Alikuwa amefika London mwaka 1825, na lile paa la mbao unaloliona juu ya karamu linafanana na paa la Westminster Hall. Inasemekana pia aliazima kitu kutoka jumba la mahakama la Rouen, Ufaransa. Hesabu basi: kifo cha barabarani kikawa kifo cha mezani, kikahama miaka 14, kikapelekwa chini ya paa la Uingereza, kikachorwa na Mfaransa aliyemsoma Mskoti. Na leo, nje ya Liège, anayemkumbuka Louis de Bourbon anamkumbuka karibu kila mara kupitia ile tablo.

Ukiweka tablo hiyo katika TFC yako kama ushahidi wa namna askofu alivyokufa, profesa atakukata, na atakuwa na haki. Lakini mutu mwingine akisema «basi haina faida kwa historia», huyo naye amekosea, na kosa lake ni baya zaidi kwa sababu linafunga mlango. Tablo hii haituelezi mwaka 1482. Inatueleza Paris ya 1829, na inatueleza vizuri kuliko hati nyingi.

Kwa sababu ule ulikuwa wakati wa Romantiki, mkondo ambao walimu wa fasihi ya Kiswahili wanauita ulimbwende. Wachoraji wa kizazi kilichotangulia walifundishwa kwamba mada kubwa zinatoka Ugiriki na Roma ya kale: shujaa, mwili uliosimama wima, mistari safi, kila mutu pahali pake. Vijana wa Romantiki walichoka. Walitaka rangi, giza, fujo, zama za kati, dhoruba, hofu. Walichukua mada kwa Shakespeare, kwa Byron, na kwa Scott, ambaye Wafaransa wa miaka ile walimsoma sawa vile sisi tunafuata filamu za mfululizo. Na kwa Scott walipata kitu kipya: historia ambayo umati wenyewe ni mhusika. Ndani ya tablo ya Delacroix, askofu ni mdogo. Kinachotisha ni wale wengine wote.

Tena angalia wakati ilipoonyeshwa. Ilitundikwa katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1831, pamoja na tablo yake maarufu zaidi, ile ya Uhuru akiongoza watu kwa bendera. Mapinduzi ya Julai 1830 yalikuwa yamepita juzi tu. Na mwezi wa Februari 1831 umati ulivamia na kuharibu jumba la askofu mkuu wa Paris. Delacroix alikuwa amekwisha kuchora kabla ya hayo yote, kwa hiyo hakukusudia kuyasema. Lakini mutazamaji aliyesimama mbele ya ile picha mwaka 1831 alikuwa anabeba Februari kichwani. Alitazama Liège akaona mtaa wake.

Bon. Turudi nyumbani.

Hapa Lubumbashi tulikuwa na mchoraji aliyejiita, bila aibu, mwanahistoria. Jina lake Tshibumba Kanda Matulu, alizaliwa hapahapa mwaka 1947, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga na akauza tablo zake mkononi, mlango kwa mlango. Mwishoni mwa 1973 alifika kwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa anafundisha katika chuo chetu. Toka pale ikaanza kazi ya miezi mingi: Tshibumba anachora, analeta, anasimulia kila tablo kwa Kiswahili, na kinasa sauti kinazunguka. Matokeo yake ni historia nzima ya Zaire katika tablo 101, kuanzia zamani za wafalme, Wareno kufika Kongo, ukoloni, uhuru, vita za Katanga, mpaka utawala wa Mobutu. Zile za mwisho zinaingia hata katika siku ambazo zilikuwa hazijafika. Fabian alizichapisha mwaka 1996 katika kitabu Remembering the Present. Tshibumba mwenyewe hakukiona: toka mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna aliyejua alipo.

Tofauti na Delacroix ni kubwa, na sitaki kuificha. Delacroix alikuwa na Louvre mbele yake na Duke wa Orléans kama mteja. Tshibumba alikuwa na gunia la unga, na mteja anayelipa kidogo kidogo. Tena Delacroix alichora riwaya iliyochapishwa na kusomwa Ulaya nzima. Tshibumba alichora riwaya gani? Hapo njo jibu linanipendeza: alichora ile iliyokuwa inasimuliwa mjini. Kwenye bar, kwenye matanga, kwenye kambi za Union Minière, mzee kwa mutoto. Haikuwa na mwandishi mmoja wala jalada, lakini ilikuwa na sura zake, wahusika wake na matukio ambayo kila mutu aliyajua. Wachoraji wa wakati ule walikuwa na neno kwa kazi hiyo: ukumbusho. Tablo ni ukumbusho. Haikuwekwa ukutani ili mutu aseme «ni nzuri». Iliwekwa ili mgeni akiingia aitazame, aulize, na mwenye nyumba aanze kusimulia.

Tablo iliyotundikwa kuliko nyingine (ukiacha Mamba Muntu, yule mwanamke-samaki, ambaye anahitaji makala yake) iliitwa Colonie belge. Mnaijua: mfungwa amelazwa chini, askari Mweusi anampiga shikoti, Mzungu anasimama anatazama, na nyuma kuna gereza. Wachoraji wengi waliichora, kila mmoja kwa mkono wake, mara mamia. Hakuna siku wala gereza moja ambalo unaweza kusema «njo hapa». Ni kama karamu ya Scott: haikutokea vile kwa usiku mmoja, ila imekusanya siku nyingi za kweli pahali pamoja.

Chukua sasa mwaka 1941. Tarehe 9 Desemba, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kwa sababu ya mishahara walikusanyika katika uwanja wa mpira wa hapa mjini, na askari wakawapiga risasi. Hilo ni la uhakika. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo; hesabu ya wakubwa wa koloni na hesabu ya kambi hazijawahi kupatana. Katika masimulizi ya mjini, gavana Maron mwenyewe anasimama mbele ya Léonard Mpoyi, msemaji wa wagomaji, na anampiga risasi kwa mkono wake. Tshibumba alichora mauaji haya ya uwanjani. Hakuwa amezaliwa siku ile. Alichora alichosikia.

Mwanafunzi mvivu ataandika: «Tshibumba anathibitisha kwamba Maron alifyatua risasi.» Hapana, hathibitishi. Mwanafunzi mwenye haraka atafuta yote. Yule ninayemtaka atauliza: kwa nini mji umemuweka gavana mwenyewe mbele, wakati amri ya mkoloni kawaida inashuka ngazi kwa ngazi, na anayefyatua ni askari Mweusi? Mimi nina jibu langu. Ndani ya Colonie belge yule Mzungu anatazama tu, mikono yake safi. Ndani ya masimulizi ya 1941 mji umekataa mikono ile ibaki safi. Umempa bunduki yule aliyekuwa na madaraka. Unaweza kubishana na mimi, lakini tayari tunaongea historia, na hakuna ripoti ya utawala ambayo ingetupatia swali lile.

Na kuna Lumumba. Hapa njo jambo linakuwa zito, kwa sababu lilitokea kwetu. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa ndege ku Luano, wakapigwa, na usiku uleule wakauawa kwa risasi porini, pahali tunapopaita leo Shilatembo. Wakubwa wa serikali ya Katanga walikuwepo, maofisa wa Kibelgiji walikuwepo. Baadaye miili ilifukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi. Hatuna picha ya kamera ya usiku ule. Hatukuwa na kaburi.

Tulichopewa kilikuwa tangazo. Tarehe 13 Februari 1961 waziri Godefroid Munongo alisema kwamba wafungwa walitoroka na wanakijiji wakawaua. Hati rasmi, tarehe, muhuri, kila kitu. Na ilikuwa uongo mtupu.

Tshibumba alichora kifo kile zaidi ya miaka kumi baadaye, kabla ya kitabu cha Ludo De Witte cha 1999, kabla ya tume ya bunge la Ubelgiji iliyokubali mwaka 2001 kwamba Wabelgiji fulani walikuwa na dhamana ya kimaadili. Katika tablo yake miili mitatu imelala chini, nyuma kuna misalaba mitatu sawa Golgota. Kutoka ubavuni mwa Lumumba damu inatiririka, na juu ya ardhi inaandika neno moja la Kifaransa: Unité, umoja. Alimueleza Fabian kwamba kwake yeye Lumumba ni sawa Yesu wa Zaire.

Misalaba ilikuwepo Shilatembo? Haikuwepo. Damu iliandika herufi? Haikuandika. Sasa linganisha na tangazo la tarehe 13 Februari, ambalo halina msalaba hata mmoja wala herufi ya damu, lina lugha safi ya ofisi. Katika hizo mbili, ipi ilimdanganya mwananchi? Tablo ilisema: aliuawa, hakuwa peke yake, waliomuua walijua wanamuua nani. Sisemi kwamba tablo daima ina ukweli kuliko hati. Siku nyingine ni kinyume kabisa. Nasema tu kwamba kile tunachokiita kosa katika tablo mara nyingi kimewekwa makusudi, na pahali pa wazi, ambapo unaweza kukiona na kukiuliza. Uongo wa hati umevaa koti na tai.

Halafu, kama ile ya Paris ya 1831, uliza tablo ilitazamwa lini. Mobutu alikuwa amemtangaza Lumumba shujaa wa taifa mwaka 1966, kwa hiyo mutu angeweza kumtundika salo bila kukamatwa. Lakini mutu aliyekaa chini ya neno Unité mwaka 1974, chama kikiwa kimoja na mishahara ikianza kuyumba, alikuwa anafikiri paka 1961? Fabian hakukiita kitabu chake «kukumbuka ya sasa» bure.

Kwa hiyo, wewe unayeandika TFC, ukitumia tablo fanya hivi. Tafuta kwanza ni simulizi gani limechorwa, sawa vile tulivyomtafuta Scott nyuma ya Delacroix. Halafu andika kwa uwazi pale picha inapoachana na hati, na usiombe samahani kwa niaba ya mchoraji. Jiulize kile kilichohamishwa kimehamishwa kwa faida gani. Na uangalie mwaka wa rangi mbali na mwaka wa tukio, wengi wanachanganya.

Kuna tatizo moja la kweli ambalo nisipolisema nitakuwa nimewadanganya. Zile tablo 101 hazipo hapa, ziko Uholanzi, katika makumbusho ya Amsterdam. Nyingi za zile zilizobaki katika salo zetu zimeuzwa, zimeoza kwa mvua, au zimetolewa ukutani ili kupisha televisheni. Walioona mambo ya 1941 kwa macho yao wamekwisha kulala. Kazi ya Mémoires de Lubumbashi, aliyoiongoza profesa Dibwe dia Mwembu toka mwaka 2000, imeokoa mengi, lakini haiwezi kuingia kila nyumba.

Mazungumzo ya Tshibumba yapo kwenye intaneti, tablo kwa tablo, kwa Kiswahili chetu kama alivyokisema, na tafsiri ya Kiingereza pembeni. Anza na ile ya 1941. Chapisha picha, peleke kwa babu au nyanya ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, muweke picha mikononi. Usimuulize kama ni kweli. Muulize nani anakosekana hapo ndani, na uwashe telefone irekodi.